Uzi: Nilitoka jimnastiki ya chuo nikaingia mbio ndefu nikiwa na miaka 24. Mabinti wa Unguja na Pemba, someni

Bint Wete ameandika:

Assalaam alaykum wanajamvi.

Wiki iliyopita binti mmoja aliuliza swali katikati ya uzi wa mtu mwengine, likapita kama halikuulizwa. Aliandika hivi: ana miaka 22, kamaliza chuo, alikuwa kwenye timu ya jimnastiki, sasa anataka kukimbia mbio ndefu, je, kachelewa? Mtu mmoja alimjibu kwa kumcheka, basi. Swali lile limenikaa rohoni siku tatu nzima, maana ni swali langu mwenyewe la miaka saba nyuma, na mie pia sikupata wa kunijibu. Ndiyo sababu ya uzi huu. Ni mrefu, nitauandika kwa vipande kila nikipata nafasi baada ya skuli.

Mie ni mtoto wa Wete. Waliosoma skuli za huku wanajua halaiki ni kitu gani. Nilichaguliwa darasa la tano kwa sababu nilikuwa napiga msamba mpaka chini na kusimama kwa mikono nikahesabiwa mpaka thalathini. Wiki kwa wiki tunafanya mazoezi kwenye jua kwa ajili ya sherehe za Mapinduzi, tarehe 12 Januari, mamia ya watoto tunainua mkono kwa wakati mmoja, na mwalimu anakuona wewe peke yako uliyechelewa nusu sekunde. Niliipenda mno. Nilipenda kwamba mwili unaweza kufundishwa ukatii.

Baadaye nilipata nafasi ya kwenda kusoma elimu ya viungo China, miaka minne. Jimnastiki kule ilikuwa somo la lazima, nami nikaingia timu ya chuo. Wenzangu wa kule walianza wakiwa na miaka mitano, kwa hiyo sikuwa nyota, lakini nilikuwa na nguvu ya kuruka na sikuogopa kuanguka. Nilipenda zaidi sakafuni na kwenye boriti. Kwa asiyeijua, boriti ina upana wa sentimita 10, urefu wa mita 5, na iko juu kiasi cha kifua cha mtu. Juu yake unapiga pindu na kutua palepale. Ukiyumba kidogo, pointi zinakatwa. Mguu ukipinda, zinakatwa. Ukitua ukapiga hatua moja ya kujishika, zinakatwa pia.

Na kila asubuhi tulipimwa uzito, mbele ya wote. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo lililokaribia kunivunja nikiwa nimeshaacha jimnastiki kabisa.

Nilirudi Pemba nina miaka 24, nikaanza kufundisha. Hapa hakuna boriti, hakuna magodoro, hakuna timu. Hali hii haiko kwetu tu. Hata Marekani, ambako vyuo vina kumbi kubwa na ufadhili, mchezaji wa jimnastiki wa chuo anapewa misimu minne ya mashindano, ikiisha imeisha. Binti wa miaka 22, aliyefanya kitu kimoja tangu utotoni, anaambiwa ahsante. Wapo wachache wao waliohamia mbio za marathoni wakafika mbali sana. Nilipokuwa chuoni sikujua kama njia hiyo ipo.

Nilianza kukimbia kwa sababu mwili ulikuwa unaniuma kwa kukaa bure. Hakuna sababu nyengine. Asubuhi moja baada ya sala ya Alfajiri nilivaa raba zangu nikatoka nyumbani nikashika barabara ya Chake. Nilikuwa na mapaja ya mtu anayeweza kuruka juu ya meza akiwa amesimama. Nikaondoka kwa kishindo. Sikufika kilomita moja. Nilikaa kwenye jiwe pembeni ya mnazi, kifua kinawaka, nikajiuliza mtu niliyekuwa nafanya mazoezi saa tano kwa siku amekwenda wapi.

Itaendelea kesho inshallah.

Mzee wa Ole ameandika:

Mwanangu, hongera kwa kuandika vizuri. Lakini tuambizane ukweli. Mbio ndefu ni za watu wa Mbulu, Arusha na Singida. Wakimbiaji wetu wakubwa, Ikangaa, Simbu, Geay, wote wa bara, wa milimani. Sisi watu wa pwani tumejaaliwa mpira na ngalawa. Usiwape watoto matumaini ambayo mwili wao hauwezi.

Ummu Sumayya ameandika:

Nasubiri kipande cha pili. Nina binti wa miaka 16 wa halaiki, hatulii ndani hata dakika.

Bint Wete ameandika:

Shikamoo Mzee wa Ole. Nitakujibu, niache kwanza nimalize la pumzi, kwa sababu jibu lako limo ndani yake.

Kwa nini mtu mwenye nguvu kama zile anakatika kabla ya kilomita moja? Nilikuja kuelewa baadaye. Zoezi la sakafuni kwa wanawake halizidi sekunde 90. Kwenye kuruka farasi, mbio za kujiandaa hazizidi mita 25. Miaka yote ile nilikuwa naufundisha mwili kuwasha moto mkubwa na kuuzima mara moja. Marathoni ni kilomita 42.195. Inataka moto mdogo unaokaa, kama wa jiko la makaa unapopika pilau. Moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo iliyotanda ndani ya misuli, na zile chembe za ndani ya misuli zinazogeuza chakula na hewa kuwa nguvu, vyote hivyo hujengwa kwa miezi na miaka. Na hujengeka zaidi ukienda polepole kwa muda mrefu.

Kwa mtu wa jimnastiki, hilo neno polepole ni mtihani. Sisi tumezoea kwamba kila ukifanya unafanya kwa ukamilifu au hufanyi. Kukimbia kwa dakika saba na nusu kwa kilomita, watoto wa skuli wanakupita na baiskeli na ndoo kichwani, ukijua kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, kulinichukua mwaka mzima kukubali.

Sikuwa na saa ya kupima mapigo ya moyo. Nilikuwa na Alhamdu. Nikiweza kusoma Suratul Fatiha yote kwa sauti ya kawaida bila kukata aya katikati ili nivute pumzi, kasi iko sawa. Nikishindwa, napunguza, hata ikibidi kutembea. Vilima vya Wete mnavijua, nimevitembea sana. Mpaka leo, nikiwa nakimbia kilomita 110 kwa wiki, sehemu kubwa ya kilomita hizo naipima kwa kipimo kilekile.

Kulikuwa na mzee mmoja, Allah amrehemu, akianika karafuu kando ya barabara msimu wa mavuno. Siku za mwanzo alikuwa akiniangalia tu. Kisha akaanza kuhesabu. Nikirudi ananiambia, "Leo umechelewa kuliko jana." Sikuwa na kocha wakati ule, kwa hiyo nasema bila kusita kwamba kocha wangu wa kwanza alikuwa muanika karafuu. Harufu ya karafuu mbichi kwenye jamvi jua linapochomoza, nikiisikia hata leo, miguu inataka kutoka.

Mwaka wa kwanza kilomita 10 nilikwenda dakika 52. Wa tatu, dakika 41. Wa tano, dakika 36 na sekunde kadhaa, na hapo ndipo watu wa chama cha riadha walipoanza kuniuliza jina. Nusu marathoni yangu bora sasa ni saa 1 na dakika 17. Marathoni nimekimbia mbili tu, ya pili kwa saa 2 na dakika 42. Nazitaja ili nisijifanye nilivyo sivyo. Rekodi ya taifa ya wanawake ni ya Magdalena Shauri, saa 2:18:41, aliyoiweka Berlin mwaka 2023 aliposhika nafasi ya tatu. Kati yangu na yeye kuna bahari. Lakini kati ya yule aliyekaa kwenye jiwe chini ya mnazi na huyu wa leo kuna bahari pia, na hiyo nimeivuka.

Sasa Mzee wangu. Ni kweli tupu kwamba milimani kuna faida. Hewa nyepesi inaulazimisha mwili kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na wiki tatu au nne za kukaa juu zinaonekana kwenye mbio. Mie mwenyewe sasa nakwenda Arusha kila mwaka likizo ya skuli. Lakini pwani nayo ina mwalimu wake, naye ni joto. Mtu akifanya mazoezi kwenye joto letu kwa kama wiki mbili, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza kutoka mapema, moyo unapungua kuhangaika. Nimewahi kukimbia bara siku ya jua kali, wenzangu wa milimani wakavunjika moyo kilomita ya 15, mie nikajiona niko Konde, huku kwetu Pemba, mwezi wa Februari.

Ila joto letu lina hatari, nalo lazima liheshimiwe. Unyevu wa hewa yetu hauachi jasho likauke mwilini, na jasho lisilokauka halipozi kitu. Wakati wa kaskazi, Disemba mpaka Februari, sikimbii kitu cha kasi baada ya saa moja asubuhi. Mazoezi magumu nayaweka wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti, upepo ukiwa wa baridi kidogo.

Mzee wa Ole ameandika:

Marahaba. Hilo la joto sikulijua. Endelea, ninasoma.

Kocha wa Gombani ameandika:

Mwalimu, nakufahamu kwa sura, nimekuona uwanjani. Naomba uwaeleze habari ya kukimbilia vidole. Mabinti wa halaiki wanaoletwa kwangu wote wanakimbia hivyo, na wote wanaumwa kisigino kwa nyuma ndani ya mwezi mmoja.

Bint Wete ameandika:

Ahsante kocha, umegusa penyewe. Jimnastiki inatufundisha kunyoosha kidole cha mguu na kukimbia juu juu, kwa sababu unakimbilia ubao wa kurukia. Kwa mita 25 ni sawa. Ukiupeleka mtindo ule kilomita 8, ile kano kubwa ya nyuma ya kisigino inabeba mzigo ambao hajawahi mtu kuufundisha kuubeba. Mie iliniuma miezi minne. Sikubadili kwa kulazimisha kukanyaga kisigino, nilibadili kwa kupunguza kasi na kufupisha hatua, mguu ukaanza kutua chini ya mwili wenyewe kwa wenyewe. Na nikawa nasimama kwenye ngazi, nashuka kisigino taratibu kwa mguu mmoja, mara 15, asubuhi na jioni. Ngazi ya msikiti, ngazi ya skuli, popote.

Jambo jengine ni msamba. Niliacha kujinyoosha kwa kiwango kile cha zamani. Kano inayovutika mno hairudishi nguvu, na mkimbiaji anaishi kwa kurudishiwa nguvu na kano zake kama mpira. Nilihuzunika siku nilipojaribu msamba nikakuta umebaki na shubiri nzima kufika chini. Nilihisi nimeuza kitu cha urithi. Lakini niliuza kwa bei nzuri.

Faida tulizotoka nazo ni nyingi. Tumbo na mgongo vimekazwa, kwa hiyo kilomita ya 35 wenzako wakiwa wamejikunja wewe bado umesimama wima. Tunajua mguu uko wapi bila kuutazama, na hilo kwenye njia za mawe za Pemba ni ulinzi. Tumezoea kurudia kitu kimoja mara mia mbili bila kuchoka akilini. Tena kuna mifupa. Kutua kutoka juu kwa miaka, mfupa ukapigwa na kujijenga, kunawafanya wasichana wa jimnastiki kuwa na mifupa mizito kuliko wa michezo mingi. Mtu anayeingia mbio ndefu na mifupa ya namna hiyo ana akiba benki.

Akiba hiyo mie niliitumia vibaya, nikaimaliza.

Bint Wete ameandika:

Kipande hiki nimekiandika na kukifuta mara tatu. Wanaume mnaruhusiwa kusoma, tena nataka msome, hasa makocha na mababa.

Mwaka wa pili wa kukimbia niliona ninavyopungua mwili, muda nao unapungua. Nikaunganisha vitu viwili hivyo. Ile mizani ya chuoni ilikuwa bado imo kichwani mwangu, kila asubuhi inasoma namba mbele ya watu. Basi nikaanza kuacha mlo wa usiku. Nikaacha wali. Chapati nikazihesabu. Watu mtaani wakinisifu, "mashallah, umekuwa mwepesi," nami kila sifa ilinifunga zaidi.

Kisha siku zangu zikakatika. Mwezi wa kwanza nikafikiri uchovu. Mwezi wa tatu nikafurahi, wallahi nilifurahi, nikaona ni usumbufu umeniondokea. Zilikatika miezi 14. Sikumwambia mama. Mwenzangu mmoja mkimbiaji akaniambia ndiyo dalili ya kwamba umeiva kimazoezi. Nataka neno hilo lifutike katika visiwa hivi. Hedhi ikikatika kwa mwanamke anayekimbia na hana mimba, mara nyingi mwili umepiga kengele kwamba chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi inayofanyika, umeanza kufunga milango mmoja mmoja ili mtu abaki hai. Homoni zinazoshuka pale ndizo zinazolinda mfupa. Kwa hiyo wakati mie najiona mwepesi, mifupa yangu ilikuwa inaliwa.

Maumivu yalianza kwenye muundi, mguu wa kulia, mahali padogo panapofunikwa na kidole gumba. Mtu wa kawaida angepumzika. Mie nimefunzwa kutua juu ya kifundo kilichovimba na kutabasamu kwa waamuzi. Nikakimbia juu yake wiki tano. Nilipokwenda hospitali, picha ya kwanza ilitoka safi, nikaambiwa ni misuli, endelea. Baadaye nilijifunza kwamba ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kawaida wiki za mwanzo. Picha ya pili ilionyesha. Nilikaa miezi mitano bila kukimbia.

Usiku wa siku ile mama aliniletea uji, akakaa kitandani mpaka nikaumaliza. Hakuuliza kitu. Nikamweleza yote, la mizani, la chakula, la siku zangu. Akaniambia, "Mwanangu, hata ng'ombe wa gari analishwa kabla ya kufungwa nira." Tangu usiku ule sikuacha mlo tena. Muhogo wa nazi, wali na maharage, ndizi, boflo na asali kabla ya kutoka asubuhi, dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao kwa ajili ya mifupa yangu. Niliongezeka kilo sita. Siku zangu zikarudi baada ya miezi minne. Na sasa sikilizeni vizuri: nyakati zangu zote nzuri, dakika 36, saa 1:17, saa 2:42, nimezipata nikiwa na hizo kilo sita.

Muuguzi Chake ameandika:

Dada, nimelia. Nataka kuongeza jambo moja dogo ambalo kwetu linafanya kazi kubwa. Chai. Tunakunywa chai ya rangi pamoja na chakula, asubuhi na usiku, na chai inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Kwa mwanamke anayepoteza damu kila mwezi, tena anakimbia, damu inapungua kimyakimya. Akija kwangu anasema "nachoka bila sababu, miguu mizito." Mnywe chai saa moja au mbili baada ya kula, na mchicha mkamulie ndimu. Na kabla ya kununua vidonge vya damu dukani, mpime kwanza.

Bint Wete ameandika:

Ahsante sana Muuguzi. Hilo la chai liliniuma kuliko mazoezi ya milimani, lakini nililishika, na nilipopimwa baada ya miezi mitatu nilikuwa mtu mwengine.

Ummu Sumayya ameandika:

Dada yangu, moyo wangu umetetemeka kwa hayo ya mizani. Nimeamka usiku nikaenda kumtazama binti yangu alivyolala. Sasa niambie la mavazi na la usalama, maana baba yake ndiyo swali lake la kwanza.

Bint Wete ameandika:

Mama yangu, Allah akuhifadhie. Mwambie baba yake kwamba navaa suruali ya kubana, juu yake sketi nyepesi inayopita magoti, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa kitambaa cha michezo ulioshonwa ukaishia mabegani. Hakuna sheria ya riadha inayonikataza, na sijawahi kuzuiwa kwenye mstari wa kuanzia. Sarah Attar wa Saudi Arabia alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 akiwa amejifunika. Sifan Hassan, aliyeshinda marathoni ya wanawake Paris mwaka 2024 kwa saa 2:22:55, alipanda jukwaani kupokea dhahabu yake akiwa na hijabu. Vazi linaongeza joto, hilo siwezi kukuficha. Ndiyo maana natoka mapema na najimwagia maji kichwani.

Kuhusu usalama, miaka miwili ya mwanzo kaka yangu alinifuata na baiskeli. Sasa tupo wanawake saba, tunakutana baada ya Alfajiri, hakuna anayekimbia peke yake kabla ya jua kutoka. Maneno ya watu yalikuwepo. Yalipungua siku shangazi yangu, ambaye maneno yake mtaa mzima unayaogopa, alipotoka na kanga yake akakaa barazani kunisubiri nipite, akapiga kigelegele.

Ramadhani natembea na kukimbia taratibu dakika 30 au 40 kabla ya futari, basi. Mwezi ule sijengi kitu, nalinda kilichopo. Shawwal naanza upya kwa wiki mbili za polepole.

Kocha wa Gombani ameandika:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Marathoni ulikimbia mwaka wa ngapi? Hapa nina vijana wanaingia marathoni miezi sita baada ya kuanza, kwa sababu ndiyo yenye zawadi.

Bint Wete ameandika:

Mwaka wa sita, kocha. Najua habari ya zawadi, najua nauli ya boti inavyopatikana. Lakini mtu wa jimnastiki akipelekwa marathoni mapema atamaliza, na hapo ndipo ubaya ulipo. Atamaliza kwa sababu kafunzwa kutoacha. Atavuka mstari na ufa kwenye mfupa, mtampigia makofi, na mwaka unaofuata hamtamuona. Mpeni kilomita 5 na 10 miaka miwili. Mpelekeni mbio za nyika. Nusu marathoni baada ya hapo.

Kubadili mchezo si ajabu. Joan Benoit wa Marekani alikuwa mtelezaji kwenye theluji, akavunjika mguu, akaanza kukimbia ili apone. Mwaka 1984 akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, Los Angeles, kwa saa 2:24:52. Na Simbu si mliona, mwaka 2025, mashindano ya dunia Tokyo, kilomita 42 zote zikaishia kwenye picha ya mstarini, yeye na Mjerumani, Amanal Petros, saa ileile 2:09:48, akapewa dhahabu. Mie nilikuwa natazama kwenye simu na wanafunzi wangu sita wameniegemea mabegani. Mtu mwenye haraka hawezi kumaliza mbio za namna ile.

Kuna jambo nimelisahau na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Jimnastiki, kuanzia utotoni mpaka chuoni, kuna mtu amekaa mezani anakata. Unaanza na pointi zako kamili, kazi yake ni kutafuta ulipokosea. Niliishi hivyo miaka 14, na nilipokuwa peke yangu nilijikata mwenyewe. Kwenye mbio kuna saa. Saa haijali mkono umekaaje, uso umekunjamana vipi, una kilo ngapi. Siku ya kwanza nilipovuka mstari nikatema mate, kamasi zinatoka, mtandio umepinda, na mtu akaniambia "hongera, wa tatu," nilikaa chini nikalia. Nilikuwa mbaya wa kutazamwa, na nilikuwa wa tatu.

Binti wa Swali ameandika:

Dada, ni mie niliyeuliza wiki iliyopita. Nimesoma yote mara mbili. Leo asubuhi nimetoka, nipo Machomane, nikaenda mpaka Gombani na kurudi, nimetembea zaidi kuliko kukimbia. Alhamdu ilinikatikia kwenye "Iyyaka na'budu" kila nilipojaribu kuongeza. Na dada, kuhusu lile la siku, zangu zina miezi minane. Nilidhani ni kwa sababu ya chuo.

Bint Wete ameandika:

Mdogo wangu, umefanya jambo kubwa kuliandika hapa. Hujachelewa na mbio, hizo zinakusubiri. La miezi minane ndilo la kwanza. Kesho usikimbie. Nenda ukapimwe, ukiogopa kwenda peke yako niandikie faragha, nikitoka skuli nashuka Chake, tutakwenda pamoja. Usiku huu kula ushibe, na wali usiuache.

Muuguzi Chake ameandika:

Nipo zamu mpaka saa nane mchana. Njooni mkiniulizia nitawapokea mwenyewe.

Binti wa Swali ameandika:

Nimewaandikia wote wawili. Mama yangu anasema mje mle chakula cha mchana kwetu, kapika pweza.